Sehemu Nyeupe za Ramani: Meli ya Uganda na Vyumba Vyake

Hotuba hii niliitoa jioni moja Mombasa, mbele ya wazee waliowahi kufanya kazi bandarini na wanafunzi wachache wa sekondari. Nimeiandika kama nilivyoisema, nikiondoa tu mahali nilipokohoa.

Wazee wangu, shikamooni. Nanyi vijana mlioletwa na walimu wenu, na wengine najua mmeletwa na harufu ya mahamri, karibuni.

Nina karatasi hapa mkononi. Walio nyuma hamuioni, lakini msijali, itawafikia. Ni ramani ya meli, ile ambayo abiria akipewa huitandaza kitandani atafute chumba chake. Niliikuta ndani ya kasha la marehemu baba, chini ya kanzu zake na stakabadhi za kodi ya nyumba. Baba alikuwa karani wa kuhesabu mizigo Kilindini. Winchi ikipandisha shehena, naye anachora kijiti kwenye daftari, vinne wima na cha tano kuvikata. Ramani hii hakutuambia aliipataje. Ni ya abiria, na baba hakuwa abiria wa meli hata siku moja.

Meli yenyewe ni Uganda. Naona mzee wangu pale anatikisa kichwa, anaijua. Nyeupe mwili mzima, ubavuni mstari mweusi, na dohani moja nyeusi yenye pete mbili nyeupe. Pete hizo zilikuwa alama ya kampuni ya British India, ambayo bandarini iliitwa BI tu. Alikuwa na pacha wake, Kenya, aliyemtangulia mwaka mmoja. Mkitaka kuwatofautisha wakiwa mbali mlitazama dohani. Ya Uganda ilikuwa ndefu zaidi, kama mtu aliyevaa tarabushi la kuazima.

Nchi isiyo na pwani kupewa meli ya bahari kuu, hilo nalo lilitupa utani wa miaka. Lakini Waingereza walijua walichokifanya. Pamba na kahawa ya Uganda ilishuka kwa reli mpaka hapa Kilindini, na meli hizi ndizo zilizoichukua. Jina lilifuata mzigo.

Kabla sijaingia ndani ya meli, hebu tulitazame neno lenyewe. Vijana, meli ni nini? Wafuatiliaji wa maneno wanatuambia limetokana na neno la Kiingereza lenye maana ya barua za posta, mail. Kwa babu zetu jahazi lilikuwa jahazi na manowari ilikuwa manowari. Kile chombo cha moshi kilichokuja kwa tarehe maalumu kikiwa na mifuko ya barua, hicho ndicho kilichokuwa meli. Na kampuni iliyoanza kuleta barua hizo kwa mkataba, kutoka Aden mpaka Unguja, mwaka 1872, ilikuwa hiyo hiyo BI, kampuni ya William Mackinnon, Mskoti aliyeanzia biashara yake Calcutta. Kwa hiyo Uganda haikuwa meli kwa maana tunayoijua leo tu, ya chombo chochote kikubwa cha chuma. Ilikuwa meli kwa maana ile ya kwanza: chombo chenye njia yake na siku yake, kama basi. Kiwe kimejaa, kiwe kitupu, siku ikifika kinang'oa nanga.

Iliundwa Glasgow, kwenye karakana ya Barclay Curle, ikaingia kazini mwaka 1952. Tani zake zilikuwa 14,430, urefu kama mita 164, upana karibu mita 22. Mafuta yalichemsha maji, mvuke ukazungusha tabo, yaani magurudumu ya mapanga, tabo zikazungusha rafadha mbili, yaani panga za kusukuma meli. Mwendo wake wa kawaida ulikuwa noti 16, yaani kama kilomita 30 kwa saa. Leo pikipiki ya mtaani inaipita. Lakini pikipiki haiendi usiku na mchana kwa wiki tatu.

Njia yake ilikuwa London, Gibraltar, Port Said, mfereji wa Suez, Bahari ya Shamu, Aden, kisha huku kwetu: Mombasa, Tanga, Unguja, Dar es Salaam, na kushuka hadi Beira. Kila bandari ilikuwa na tabia yake. Hapa Kilindini meli ilifunga gati, abiria anashuka kwa ngazi na viatu vyake vikavu. Tanga ilitia nanga katikati ya ghuba, na mizigo ikaifuata kwa matishali. Dar es Salaam nayo ilikuwa hivyo hivyo mpaka magati ya kina kirefu yalipokamilika mwaka 1956. Wa Tanga mlioko humu msinikasirikie, nasema historia.

Sasa tufungue ramani.

Meli ya namna ile ni nyumba ya ghorofa iliyolazwa juu ya maji, na kama nyumba zote za wakati ule ina baraza ya mbele na mlango wa uani. Katikati ya chombo, na juu, ndiko kulikokuwa na daraja la kwanza. Nyuma, kuelekea shetri, ni daraja la pili. Aliyewahi kusafiri kwa bahari anajua kwa nini. Mawimbi yakiipiga meli, omo, yaani mbele, inapanda na shetri inashuka, halafu kinyume chake, kama mbao ya kubembea ya watoto. Anayekaa katikati habembei sana. Na kule nyuma, chini ya vitanda, ndiko rafadha zinakozunguka. Kikombe cha chai kinatetemeka juu ya sahani tangu Gibraltar hadi Beira. Hivyo bei ya tiketi ilikuwa ni bei ya utulivu wa tumbo.

Abiria wote kwa jumla walikuwa takriban 300, na daraja la kwanza ndilo lililokuwa kubwa zaidi. Hebu fikirini hilo: chombo cha mita 164 kwa watu 300, na wengi wao ni wa juu. Walikuwa maofisa wa serikali wakienda na kurudi likizo ndefu, walowezi na wake zao, wamisionari, na wachache wa kwetu waliokwenda Uingereza kusoma. Juu huko kulikuwa na ukumbi wa kukaa, maktaba, chumba cha kuchezea karata, na chumba cha kuvutia sigara chenye kuta za mbao na pembe kubwa za ndovu. Mimi hizo pembe ndizo zinazonichekesha. Mtu ametoka huku kwenye ndovu, anarudi kwao, na njiani lazima akae tena chini ya ndovu asije akasahau.

Kila daraja lilikuwa na chumba chake cha kulia, sitaha yake ya kutembelea, na baa yake. Kwenye ramani vyumba vimetiwa rangi, rangi moja kwa daraja la kwanza na nyingine kwa la pili. Kila chumba kina namba, kitanda kimechorwa, hata beseni la kunawia limechorwa. Fundi aliyeichora alikuwa na mkono mwepesi.

Lakini tazameni hapa, na hapa, na hapa chini kote. Peupe. Hakuna rangi, hakuna namba, hakuna neno. Utadhani mchoraji aliishiwa wino.

Nyeupe ya kwanza ni makazi ya mabaharia. Walikuwa watu wa Bara Hindi, kama ilivyokuwa desturi ya BI tangu mwanzo, na wahudumu wa mezani walikuwa Wagoa. Kiongozi wao wa sitaha tulimwita serahangi, na vijana wake makalasi, maneno ambayo majahazi yetu yaliyajua zamani kabla ya BI. Nyeupe ya pili ni chumba cha mitambo. Nyeupe ya tatu, na ndiyo kubwa, mbele na nyuma, ni ngama. Humo ndimo mlimokaa mali: kwenda, marobota ya pamba, magunia ya kahawa, katani, chai, karafuu, kurudi, magari, mashine, nguo, na makasha ya wiski ambayo yalihesabiwa mara tatu.

Huko ndiko alikokuwa baba. Alisimama mdomoni mwa falka, yaani tundu la kushushia mizigo ngamani, na daftari lake, makuli wako chini ndani ya joto, vumbi la pamba limewafanya wote weupe kama wazee. Alikuwa na msemo wake: "Juu wanahesabu watu, chini tunahesabu magunia, na nahodha anataka hesabu zote mbili zilingane." Mwezi wa Machi 1955 makuli waligoma, bandari ikasimama, na kijana mmoja kutoka Nairobi, Tom Mboya, akashuka kuja kupatanisha. Baba alikuwa akisema siku zile ndipo alipoona meli zikiwa na aibu. Zimefungwa gatini, taa zinawaka juu, muziki unasikika, na falka ziko wazi hakuna anayeingia.

Nisiwachoshe kwa habari za kufa kwa ile njia, kwa sababu mnazijua. Uhuru ulikuja, Tanganyika 1961, Uganda 1962, Kenya na Unguja 1963, na ofisa aliyekuwa akienda likizo ndefu akaenda moja kwa moja asirudi. Ndege ilikuja. East African Airways ilipata Comet mwaka 1960 na VC10 mwaka 1966, na wiki tatu zikawa usiku mmoja. Basi. Meli ya barua bila barua na bila abiria ni chuma tu. Kenya, yule pacha mkubwa, aliuzwa kwa wavunja meli, akabomolewa La Spezia, Italia, mwaka 1969.

Uganda haikuvunjwa. Na hapa ndipo ramani hii inapoanza kusema mambo ambayo aliyeichora hakuyakusudia.

Mwaka 1967 ilipelekwa Hamburg, Ujerumani, kwenye karakana ya Howaldtswerke, ikakaa humo miezi mingi. BI ilikuwa na biashara nyingine iliyoianza upya mwaka 1961: kuwachukua watoto wa shule wa Kiingereza wakatembee na kusoma baharini. Walianza na meli za kubebea askari, kwa sababu zilikuwa na mabweni tayari. Dunera na Devonia zilitangulia, kisha Nevasa. Sasa zamu ikawa ya Uganda, lakini Uganda haikuwa na mabweni. Ilikuwa na nini? Ilikuwa na nyeupe.

Mafundi wakaziingia ngama. Winchi na kreni za mizigo zikang'olewa. Ndani ya mapango yale ya pamba na katani wakatandaza sakafu mpya, wakapanga vitanda vya juu na chini, wakajenga madarasa na ukumbi wa mikutano. Sehemu ya juu wakairefusha kuelekea shetri. Tani zikapanda kutoka 14,430 hadi 16,907, na meli haikuongezeka urefu hata shubiri. Vijana, msidhani ililishwa. Tani hizo si uzito. Ni kipimo cha nafasi iliyozibwa ndani ya chombo. Ukijenga chumba mahali palipokuwa upepo, tani zinaongezeka.

Ikatoka Hamburg ikiwa na nafasi ya wanafunzi wapatao 900, pamoja na abiria wa vyumba wapatao 300. Meli iliyobeba watu 300 sasa inabeba 1,200. Na wale 300 walikaa wapi? Palepale pa zamani, kwenye rangi, na chumba chao cha sigara na pembe zao za ndovu. Wanafunzi hawakuruhusiwa huko. Kwa hiyo madaraja mawili yalifutwa kwenye tiketi yakabaki kwenye milango. Nimekuwa mwalimu miaka 31, na ninaweza kuwaambia bila kuona ushahidi wowote kwamba watoto 900 waliijua kila njia ya kupenya.

Tangu mwaka 1968 ikawa hivyo. Haina tena njia, ina ziara. Mediterania, Norway, Afrika ya magharibi, inaondoka inazunguka inarudi. Asubuhi mwanafunzi anasomeshwa darasani habari ya Misri, mchana anashushwa Alexandria akaione. Mimi kama mwalimu wa jiografia naona wivu hadi leo. Sisi tuliwafundisha watoto mfereji wa Suez kwa chaki ya buluu. Mwaka 1975 Nevasa ilikwenda kuvunjwa, mafuta yalikuwa yamepanda bei, na Uganda ikabaki peke yake katika kazi hiyo.

Nikifikiria bweni lile huwa naona kitu kimoja. Mtoto wa miaka 13, wa Leeds au wa Cardiff, amelala kitanda cha chini, taa imezimwa, sikio lake limekaribia ubavu wa chuma. Upande wa pili wa chuma kuna bahari. Na mahali pale pale, miaka kumi kabla, lilikuwepo robota la pamba kutoka Jinja, ambalo baba yangu alilichorea kijiti.

Aprili 1982 vita kati ya Uingereza na Argentina vikatokea katika visiwa vya Falkland, visiwa ambavyo Waargentina huviita Malvinas. Uganda ilikuwa Mediterania, imejaa watoto. Amri ikatoka London: shusheni. Wakashushwa Naples, Italia, na mifuko yao na zawadi zao, ziara imekatika katikati. Meli ikakimbia Gibraltar, na kwa muda wa siku tatu hivi mafundi wa bandari wakaigeuza hospitali. Nyuma juu wakajenga uwanja wa helikopta. Ubavuni na dohanini wakachora misalaba mikubwa myekundu. Zile pete mbili nyeupe zikafunikwa kwa rangi.

Hebu tuifuate ramani tena, safari hii kwa macho ya daktari. Helikopta inatua shetri, pale palipokuwa pabaya pa daraja la pili. Majeruhi anateremshwa ndani. Wale wa hali mbaya wanabaki karibu, kwenye kumbi kubwa zenye hewa. Wale wanaopata nafuu wanapelekwa kwenye mabweni ya watoto. Askari mtu mzima, miguu inaning'inia nje ya kitanda kilichopimwa kwa mtoto wa shule. Kulikuwa na wauguzi wanawake wa jeshi la wanamaji, na zaidi ya majeruhi 700 walitibiwa humo, Waargentina nao wamo. Sheria ya Geneva ya kulinda majeruhi wa vita haiulizi sare. Chombo cha hospitali hakibebi silaha na hakitumi ujumbe wa siri, na usiku kinawasha taa zote wakati meli nyingine zote ziko gizani. Simon Weston, askari wa Wales aliyeungua melini Sir Galahad tarehe 8 Juni, alitibiwa humo.

Waliopona kiasi cha kusafiri walihamishiwa kwenye meli tatu ndogo za upimaji bahari, Hecla, Hydra na Herald, wakapelekwa Montevideo, Uruguay. Kutoka pale walirudishwa Uingereza kwa ndege. Na ndege yenyewe ilikuwa ya aina gani? VC10. Ndege ya aina ile ile iliyomnyang'anya Uganda abiria wake wa Mombasa ndiyo iliyomsubiri upande wa pili kupokea wagonjwa wake. Hapo mimi huwa nacheka peke yangu, na mke wangu huniuliza nimeona nini.

Ilirudi Southampton Agosti 1982. Ikajaribu kurudia ziara za wanafunzi, lakini haikudumu. Serikali ikaikodi tena kusafirisha askari na mizigo kati ya kisiwa cha Ascension na Falkland. Kwa hiyo ikawa tena na njia na ratiba, kama zamani, ila hakuna aliyekwenda kwa hiari. Mwaka 1985 ikafungwa kwenye mto Fal, Cornwall, imenyamaza. Mwaka 1986 ikauzwa kwa chuma chakavu. Kwa safari ya mwisho ikabandikwa jina lingine, Triton, ikaenda hadi Kaohsiung, Taiwan. Ikisubiri mafundi wa kuivunja, tufani iliyoitwa Wayne ikaja mwezi wa Agosti, ikaikata kamba na kuitupa kwenye maji ya kina kifupi, ikalala ubavu.

Ilibomolewa pale pale ilipolala, taratibu, kwa miaka. Meli ikilala ubavu, vijana, kuta zinakuwa sakafu. Milango inafunguka kuelekea juu kama mifuniko ya visima. Ngazi ya daraja la kwanza huwezi kuipanda wala kuishuka, inakwenda pembeni. Aliyeshika ramani hii akaingia mle asingekipata chumba hata kimoja kwa namba yake.

Haya, naipitisha. Anza nayo wewe mwanangu hapo mbele, kisha mpe mzee. Muishike pembezoni, imechanika kwenye kunjo. Na mkifika kwenye nyeupe ya chini, karibu na omo, mtaona alama za penseli, vijiti vinne na cha tano kuvikata, vimeandikwa humo ndani kwa mkono hafifu. Huo ni mwandiko wa baba.